Hasikii, au hataki kusikia?



Katika Kiswahili chetu neno moja linafanya kazi mbili. Tukisema "mtoto huyu hasikii", jirani anaelewa kwamba mtoto ni mkaidi. Lakini neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa mtu ambaye masikio yake hayafanyi kazi. Tena tuna methali iliyo tayari mdomoni: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hivyo mtoto anaitwa mara tatu, haitikii, anapigwa. Wakati mwingine anapigwa kofi la sikio, na kofi la namna hiyo linaweza kupasua ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio. Aliyekuwa anasikia kidogo anaongezewa shida.

Wiki hii tuongee juu ya uziwi usiopona, maana ndio unaotudanganya zaidi.

Kuna shida za sikio zinazotibika. Nta ikiziba, muganga anaitoa. Usaha ukitoka, kuna dawa, na tukiwahi mtoto anasikia tena. Lakini ndani kabisa, nyuma ya zile sehemu, kuna kitu kama konokono mdogo, na humo mna chembe zenye nywele ndogo sana, karibu 15,000 kwa kila sikio. Hizo ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Mfikirie nyasi za uwanjani. Watu wakipita mara moja zinalala, kesho zinainuka. Wakipita kila siku zinakufa, njia inabaki wazi. Tofauti ni kwamba nyasi zinaota tena mvua ikinyesha, lakini chembe hizi kwa binadamu haziotei tena. Hakuna dawa ya hospitali wala ya miti inayozirudisha. Ukiuza mbuzi kumlipa anayeahidi kuzifufua, umepoteza mbuzi.

Ni nini kinachoziua? Tutaje manne tunayoishi nayo.

La kwanza ni magonjwa. Surua, matumbwitumbwi na menenjite, yaani homa ya uti wa mgongo, vinaweza kuacha mtoto hai lakini kiziwi. Rubela ikimpata mama mwenye mimba, inaweza kumharibu mtoto masikio kabla hajazaliwa. Kwa hiyo karatasi ya chanjo ni ulinzi wa masikio pia. Mtoto wa miezi 9 asikose chanjo ya surua. Na mtoto aliyepona menenjite arudishwe kupimwa masikio mapema, kabla wiki 4 hazijaisha.

La pili ni dawa. Kinini ikipita kiasi inaleta mlio masikioni na kusikia kunapungua, ingawa mara nyingi kunarudi dawa ikiisha. Sindano za jentamisini na streptomisini ni kali zaidi: uharibifu wake unaweza kubaki maisha yote. Dawa hizi zinaokoa watu, tusizikatae muganga akiziandika. Tunachokataa ni sindano ya kununua dukani na kuchomwa nyumbani bila kipimo. Na ukisikia mlio au kizunguzungu ukiwa kwenye matibabu, mwambie muganga siku ileile, usiache dawa peke yako.

La tatu ni kelele. Kipimo cha kelele kinaitwa desibeli. Kelele ya desibeli 85 mtu anaweza kuivumilia saa 8 kwa siku. Ikiongezeka desibeli 3 tu, muda unapungua nusu, unakuwa saa 4. Hatuna mashini ya kupimia, lakini mkono tunao: kama mwenzako yuko umbali wa mkono mmoja na lazima upige kelele ndipo akuelewe, mahali hapo panakula masikio. Hapo ni penye mashini ya kukoboa mpunga na ya kusaga muhogo, penye jenereta, mbele ya bafle za harusi, na kwenye machimbo wanakovunja mawe. Mama anayekaa kwenye mashini kutwa nzima avae vizibo vya masikio vya kazi. Pamba kavu haisaidii sana. Anayengoja zamu yake angojee mbali, na mtoto wa mgongoni asilale karibu na mashini wala karibu na bafle. Vijana wenye ekutere za simu wasipitishe sauti nusu, nao wayapumzishe masikio.

La nne ni mikono yetu. Kijiti cha kiberiti, unyoya wa kuku, mafuta ya moto, maji ya majani: vyote viache. Nta inatoka yenyewe. Futa sehemu ya nje tu. Na usaha unaotoka wiki mbili usiuzoee na kusema "atakua, utaisha".

Utajuaje mtoto hasikii kweli? Mdogo sana hashtuki mlango ukibamizwa. Wa miezi 6 hageuki akisikia sauti yako. Wa mwaka mmoja hajaribu neno lolote. Mkubwa anakutazama sana mdomo, anauliza "nini?" kila mara, anaongeza redio, au anafanya vizuri akikaa mbele na vibaya akikaa nyuma. Simama nyuma yake, asikuone, umwite kwa sauti ya kawaida. Usipige meza wala ardhi, kwa sababu atahisi mtikisiko kwa mwili na wewe utafikiri amesikia. Ukiwa na shaka, mpeleke kituo cha afya akaangaliwe, na uombe karatasi ya kumpeleka hospitali kuu. Na mtu mzima ambaye sikio limezimika ghafla asingoje kesho.

Na yule ambaye kwake imekwisha? Kifaa cha sikio kinaweza kumsaidia kwa kukuza sauti, lakini hakirudishi sikio la zamani. Kinachobaki ni sisi. Mwalimu amkalishe mbele. Tumgeukie uso tunapoongea, kwenye mwanga, polepole, bila kupayuka. Kama hasikii kabisa, apewe lugha ya alama mapema, na sisi tujifunze naye, kwa maana mtoto asiye na lugha yoyote ndiye anayepotea.

Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alikuwa na miaka 11 menenjite ilipomfanya kiziwi. Mwaka wa 1957 alifungua shule ya viziwi huko Ghana, na kabla ya kufa mwaka wa 1987 alikuwa amefungua zaidi ya 30 katika Afrika, hata hapa kwetu wakati wa Zaire. Masikio yake hayakupona. Alichopata ni watu waliokubali kwamba hasikii, kisha wakamfundisha.

Basi kabla ya kusema tena "huyu hasikii", tuulize kwanza ni kusikia kupi. Kila kikundi, kwenye mkutano ujao, kitaje watoto wanaogombezwa kila siku kwa kosa hilo, na mama mmoja achaguliwe kusindikiza kila mmoja kituo cha afya.