Filamu za vijana zafika Berlin, Migori bado

Mtu ni watu, walisema wazee. Katika filamu za Kenya za miaka ya karibuni, maneno hayo yamepata tafsiri njema katika "Supa Modo", iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kuonyeshwa katika tamasha la Berlin mwezi wa Februari, 2018.

Hadithi yake si ngumu. Jo, msichana wa miaka 9, ana maradhi yasiyopona, naye hurudishwa kijijini amalize siku zake. Mama yake, kwa huruma, humweka ndani asichanganyike na wenziwe. Dada yake, Mwix, huona kwamba upweke utamwua kabla ya maradhi. Humtia moyo aamini kuwa ana nguvu za ajabu kama mashujaa wa sinema, na mwisho kijiji kizima hushirikiana kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo mwenyewe. Maradhi hayaondoki, lakini upweke umeondoka.

Jo ni mtoto bado, lakini upweke wake ndio wa vijana wengi wanaobaleghe. Sisi watu wa pwani tumelelewa kuiheshimu haya, na dini yetu inaihesabu kuwa tawi la imani. Lakini haya na woga wa watu ni mambo mawili tafauti. Mwenye haya hujizuia na lililo baya. Mwoga wa watu hujizuia hata na lililo jema. Haulizi swali darasani, hashiriki mchezo, hana wa kumwambia lililomsibu. Wazazi humsifu kwa utulivu, naye anaumia.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria. Huko ukimwi umewaacha watoto wengi bila ya mzazi. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila moja ya kaunti hizo, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Kwa Kenya nzima ni asilimia 15. Sababu ni nyingi, umaskini ukiwa mbele, na hapana filamu itakayouondoa umaskini. Lakini msichana asiye na rafiki wala mkubwa wa kumwuliza ni rahisi kudanganywa na wa kwanza atakayemwonyesha upole.

Je, vijana hao huona nini? Masokoni na kwenye mialo ya wavuvi kuna vibanda vya video: mabenchi, televisheni, na ada ndogo mlangoni. Huonyeshwa mpira wa Uingereza na filamu za kupigana za ng'ambo, nyingine zikiwa zimetiwa maelezo ya Kiswahili na watu kama DJ Afro. Tusivibeze. Katika "Supa Modo" yenyewe, Mike, mwenye kuonyesha sinema kijijini, ni miongoni mwa waliomsaidia Jo. Ila msichana mwenye soni hataingia katika kibanda kilichojaa wavulana.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za sinema, maonyesho ya video na maktaba. Kaunti ikiyatumia mamlaka hayo kutoza leseni tu, imeshika nusu ya wajibu wake. Ukumbi wa shule siku ya Jumamosi, mashine moja ya kuonyeshea, filamu moja ya nyumbani, na mwalimu wa kuongoza mazungumzo: hayo hayahitaji jumba la fahari. Mazungumzo hayo ndiyo yenye faida, kwani kijana asiyethubutu kusema habari zake ataweza kusema habari za Jo, na hapo hapo akajikuta amesema zake.

Msomaji wa pwani asidhani haya ni ya watu wa ziwani peke yao. "Subira" ya Ravneet Chadha, ya mwaka 2018, inamhusu msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini. Kama "Supa Modo", ilichaguliwa kuiwakilisha Kenya katika kuwania Oscar. Lakini ni vijana wangapi wa Lamu wenyewe walioiona? Wajumbe wa mabunge ya kaunti, wa huku na wa Nyanza, waulizwe swali hilo wakati wa kupanga bajeti.