Shomeri Anayerudi Nyumbani Amechoka



Katika takwimu za Shirika la Kazi la Kimataifa, nchi yetu ya Kongo inaonekana kuwa miongoni mwa zile zenye heri. Kati ya watu 100 walio katika nguvukazi ya taifa, wanaohesabiwa kuwa hawana kazi ni karibu 5 tu. Ufaransa wanapita 7. Hispania wanazunguka 10. Afrika Kusini, ambako ndugu zetu wengi wamekimbilia kutafuta maisha, wanapita 30. Kwa hesabu hiyo, kijana wa Paris aliyekosa ajira angefanya vema kupanda ndege aje Bukavu.

Tumewasikia wengi wakiicheka takwimu hiyo, na wengine wakisema ni uongo wa wakubwa. Si uongo. Ni jibu sahihi la swali ambalo sisi hatukuliuliza. Ili mtu ahesabiwe kuwa hana kazi, kanuni ya kimataifa inataka mambo matatu kwa pamoja: asiwe amefanya kazi ya kipato hata saa moja katika juma linalohesabiwa, awe tayari kuanza kazi, na awe anaitafuta. Basi aliyeuza uniti za simu kwa saa moja siku ya Jumatatu pale Nyawera amekwisha kuandikwa katika safu moja na mkurugenzi wa benki, safu ya wenye kazi. Na katika nchi ambayo serikali haimpi posho asiye na ajira, ni nani awezaye kukaa juma zima bila kujishughulisha? Ni yule aliye na mtu wa kumlisha. Ndiyo maana uchunguzi wa kitaifa uitwao 1-2-3, uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Takwimu katika miaka ya 2004 na 2005, na tena mwaka 2012, ulikuta ukosefu wa kazi ni mkubwa zaidi mijini kuliko vijijini, na mkubwa zaidi kwa waliosoma kuliko kwa wasiosoma. Maskini wa kweli hana uwezo wa kuwa shomeri.

Kwa hiyo tunaona kwamba jambo la kutafakari halimo katika wale 5. Limo katika wale 95. Zaidi ya 8 kati ya kila wafanyakazi 10 wa nchi hii wanafanya kazi bila mkataba, bila bima, bila pensheni, na bila kujua kesho watapata nini. Lakini sisi wenyewe, hapa Ibanda, tunawaita kwa jina gani? Tunawaita mashomeri. Kijana mwenye diploma ya uchumi anayeendesha pikipiki tangu saa kumi na moja asubuhi hadi usiku, akiulizwa kama ana kazi, hujibu kwamba hana. Mama anayetembeza beseni la sambaza toka ukingo wa ziwa hadi Panzi, binti yake akiulizwa shuleni mamaye anafanya kazi gani, husema, "Hafanyi kazi, anachuuza tu." Lile neno "tu" lina historia ndefu. Babu zetu walipoitwa kwenye mashamba ya chai na ya kwinini ya Kivu, kazi ilikuwa ile ya kuandikwa jina katika daftari la mwingine. Kulima shamba lako mwenyewe kulikuwa kulima tu. Mashamba mengi yamekwisha kufa, lakini daftari lile limebaki vichwani mwetu.

Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo la maneno. Hapana, lina bei yake. Kile tusichokiita kazi, hatukilipi kama kazi. Tazameni wanawake wanaopandisha mizigo kwenye miinuko ya mji wetu, kamba ikiwakaza paji la uso, gunia likizidi uzito wa miili yao. Mwenye mzigo, ambaye pengine Dominika tunapeana naye amani ya Kristo, huanza kubishana naye juu ya franka mia mbili wakati mzigo umekwisha kufika mlangoni. Kabla ya safari asingethubutu, maana mama yule angeuacha mzigo chini. Tunafahamu mbinu hiyo kwa sababu inafahamika na kila mtu, na hatujapata kuisikia ikitajwa katika mafundisho ya maandalizi ya kitubio.

Na ndani ya nyumba zetu? Msichana aliyeletwa kutoka Walungu au Kabare, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, tunasema "anatusaidia". Kwa kuwa anasaidia, basi akipewa kitambaa cha Noeli na mahali pa kulala, tunaona tumemtendea wema. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haimtengi mtumishi wa nyumbani, ijapokuwa ni wachache waliowahi kuisoma kwa ajili yake. Mwezi Mei 2018 serikali ilipanga mshahara wa chini wa kibarua asiye na ujuzi kuwa franka 7.075 kwa siku, zaidi kidogo ya dola 4 za wakati ule, na kimo hicho kimeinuliwa tena baadaye. Zidisheni wenyewe kwa siku 26 za mwezi, kisha mlinganishe na kile kinacholipwa yaya au mlinzi wa usiku katika nyumba mnazozijua, hata zile nzuri za Nguba na Muhumba. Mtume Yakobo aliwaambia matajiri wa siku zake kwamba ujira waliowanyima wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Hatuoni sababu ya kuamini kwamba masikio yale husikia kutoka mashambani peke yake, yasisikie kutoka jikoni.

Februari 2025, vita ilipoufikia mji wetu, benki zilifunga milango. Miezi hiyo hiyo misaada ya Marekani ilikuwa imesimamishwa, na kwa mji ambao vijana wake wasomi wengi wameajiriwa na mashirika ya misaada, hilo lilikuwa pigo juu ya pigo. Waliokuwa na kazi katika maana ya daftari wakajikuta wanapanga nyanya barabarani karibu na wale waliokuwa wakiwaita mashomeri, na mara nyingi ni hao waliowafundisha mahali pa kununua kwa bei ya jumla. Aibu waliyoisikia wengine siku hizo tunaielewa. Ila tungependa ijadiliwe katika vikundi vyenu: ilikuwa aibu ya nini hasa?

Kanisa limelisema jambo hili wazi. Mwaka 1981, miaka 90 baada ya waraka wa Leo XIII juu ya wafanyakazi, Yohane Paulo II alifundisha katika Laborem Exercens kwamba heshima ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi, bali na yule anayeifanya, maana ni mtu. Wala mafundisho hayo yasigeuzwe kuwa dawa ya usingizi. Hatusemi kwamba kubeba magunia ni kuzuri na kutosheke hivyo. Kinyozi na mchomelea vyuma wanapoteza siku nzima wakingoja umeme, ilhali bwawa la Ruzizi liko mlangoni petu. Kosa hilo si la uvivu wao. Tumechoka pia na semina za ujasiriamali zinazompa kijana cheti na fulana, kisha kumwachia lawama zote akishindwa. Katika mfano wa shamba la mizabibu, kwenye Matayo 20, wale waliokutwa sokoni jioni hawakuambiwa wajitafutie mtaji. Walisema kwamba hakuna aliyewachukua, na mwenye shamba hakubishana nao.

Wala kazi ya ofisini si mwisho wa safari. Wapo wanaotoa fedha ili kupata nafasi, na aliyenunua kiti lazima ajirudishie gharama kwa wanaokuja mbele ya kiti hicho. Mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa na kazi ya namna tunayoiombea kila juma katika mashirika yetu: alisomea sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Alikataa fedha alizopewa ili aachilie chakula kilichooza kipite, akauawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Labda yafaa nia zetu za sala ziongezewe neno: tusiombe kazi peke yake, tuombe na nguvu za kuifanya hivyo.

Padri Joseph Cardijn, mwanzilishi wa JOC huko Ubelgiji, aliwataka vijana wafanyakazi waanze kwa kutazama, ndipo wapime, ndipo watende. Tunapendekeza kwamba katika mwezi huu kikundi cha vijana cha kila shirika kitazame kwa kuhesabu. Ulizeni katika kila nyumba: juma lililopita nani alifanya shughuli gani, kwa saa ngapi, alilipwa na nani, kiasi gani, na je, alilipwa siku waliyopatana? Ulizeni pia yule aliye jikoni, si baba na mama wa sebuleni tu. Majina yasiandikwe. Mlinzi wa lango la parokia na wanaofua nguo za altare wahesabiwe vilevile. Karatasi ziletwe kwa katibu kabla ya mkutano wa parokia, na sisi wa halmashauri ya walei tutatangulia kujaza za nyumba zetu.