Vyombo Vingesubiri Kidogo

Mara nyingi tukiulizwa kazi zetu hujibu, "Mimi niko nyumbani tu." Mwezi huu tumtazame mwenzetu wa Marekani, Carrie Stevens.

Mama huyu aliishi Upper Dam, katika jimbo la Maine, penye maji baridi na samaki aina ya trauti. Mumewe, Wallace, alikuwa akiwaongoza wageni waliokuja kuvua. Yeye alikuwa fundi wa kofia za wanawake, hivyo manyoya na nyuzi hakuvionea ugeni.

Tarehe 1 Julai 1924 aliziacha kazi za nyumbani hazijaisha, akafunga manyoya ya kijivu kwenye ndoana ili yafanane na visamaki ambavyo trauti hupenda kula. Akaenda kujaribu. Hata saa moja haikwisha, akamtoa trauti wa ratili 6 na aunsi 13, yaani kilo 3 hivi! Alipata nafasi ya pili katika shindano la gazeti la Field & Stream, na wavuvi wakaanza kuagiza chambo zake.

Kazi yenyewe yataka subira. Shina refu la ndoana huzungushiwa uzi wa hariri, kisha utepe mwembamba wa rangi ya fedha. Manyoya marefu ya jogoo ndiyo mabawa. Carrie aliyagandisha kwanza kwa gundi pamoja na manyoya mafupi ya ubavuni, ndipo akayafunga kila upande. Yakilowa hulala pamoja, na samaki hudhani ni kisamaki kinachoogelea. Wengine huibana ndoana kwa jiliwa. Yeye alitumia vidole tu. Chambo yake mashuhuri huitwa Gray Ghost. Aliendelea na biashara hiyo mpaka 1953.

Hatusemi mama aitelekeze nyumba yake. Lakini yule mke mwema wa Mithali 31 alitunza nyumba na bado akauza kazi ya mikono yake. Kati yetu wapo wenye cherehani zilizofunikwa kitambaa, na juu yake tumeweka redio. Hiyo ndiyo talanta iliyofukiwa, nasi tutaulizwa habari zake.

Mama mpendwa, zungumza na baba watoto, omba, kisha tenga saa moja kila juma. Funua cherehani. Vyombo vitasubiri kidogo.