Malipo ya Masoko ya Mtandaoni: Soma Viza Kwanza

Wanafunzi wengi mnaniuliza wanaofanya masoko ya mtandaoni wanalipwa kiasi gani duniani. Jibu linategemea anayelipa. Kazi ileile ya kuendesha matangazo ya Facebook hulipwa zaidi London kuliko Nairobi, lakini kodi ya nyumba na nauli navyo hupanda. Linganisheni kinachobaki mfukoni.

Kwa mwanafunzi aliye Uingereza kuna jambo zito zaidi: viza yake hairuhusu kujiajiri. Ukimtengenezea mfanyabiashara matangazo kwa malipo, bila kuwa mwajiriwa wake, umejiajiri, hata kama mteja yuko Dar es Salaam na pesa zinaingia M-Pesa. Ukigundulika unaweza kufutiwa viza, na ada wazazi wameshalipa.

Kinachoruhusiwa ni kuajiriwa: wakati wa masomo, saa 20 kwa wiki kwa wanaosoma shahada, na 10 kwa walio chini ya hapo. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kwa wenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 ni pauni 244.20 kabla ya makato. Hapa Sutton Coldfield wengi huzipata saa hizo madukani na kwenye nyumba za wazee. Kampuni ya masoko ikikuajiri kwa mkataba, ni sawa pia.

Wazazi, kijana akikataa dola za mtandaoni, msimwite mvivu. Analinda masomo yake.