Mbona Umekwisha Hivi?

Wifi yangu aliyeolewa Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, ni mhudumu wa afya ya jamii. Miezi kadhaa iliyopita, yeye na wenziwe wa huko na wa Migori walihudhuria mafunzo ya vikundi kwa njia ya mtandao, jioni baada ya Isha, kuhusu namna ya kuacha kumhukumu mtu kwa uzito wa mwili wake. Mwishoni kila mmoja aliombwa aandike maoni. Baadhi yao wameniruhusu niyasome na kuwaelezeni, wasomaji wangu, bila ya kutaja majina.

Nilidhani nitakuta shukrani tupu. Shukrani zimo: wengi walifurahi kwamba kamera zilizimwa, wakaweza kuuzungumzia mwili pasi na mtu kuwatazama mwili wao. Mmoja alilalamika kuwa saa tatu usiku mume yumo chumbani na watoto wamemzunguka, basi aseme siri gani? Lakini lalamiko kubwa lilikuwa jingine. Masomo yaliandaliwa kana kwamba anayedharauliwa ni mnene peke yake. "Huku kwetu," aliandika mama mmoja wa Migori, "tunaanza na aliyekonda."

Ana haki. Ukimwi ulipodhihiri ng'ambo ya Ziwa Viktoria, huko Rakai nchini Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita siliimu, jina litokanalo na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Jina limezeeka, shaka imebaki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Penye mzigo kama huo, mwanamke akipungua kilo tano, jirani hangoji daktari aseme. Muuza mandazi mmoja alieleza kwamba alikonda baada ya kujifungua, na wateja wakahamia kwa mwingine. Alikwenda kupimwa, akaonekana hana virusi. Lakini cheti cha majibu atakibandika wapi, juu ya karai?

Kwa walio na virusi mambo yamegeuka. Dawa ya dolutegraviri, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 2017, huwaongezea baadhi ya watu uzito, hasa wanawake. Mshiriki mmoja aliandika kuwa zamani alichekwa kwa mifupa, sasa anachekwa kwa nyama, na katika miaka yote hiyo hakuna jirani aliyemuuliza analalaje.

Wengine walitaja kliniki ambamo mizani imewekwa ukumbini na kilo hutangazwa kwa sauti. Wawili waliacha kwenda. Hapa mafunzo yaliwafaa: omba ruhusa kabla ya kumpima mtu, mpime faraghani, usitangaze. Tena mkono mnene upimwe presha kwa mkanda mpana, kwani mkanda mdogo huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Wifi anasema hili la mkanda hakulijua, naye hupima watu kila wiki.

Mmoja hakuridhika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. "Tukinyamaza," aliuliza, "nani atawaambia habari ya sukari?" Ni swali la haki, na sikuona kwamba lilijibiwa vya kutosha. Kwa maoni yangu, aseme yule ambaye kusema ni kazi yake, faraghani, akiwa na msaada wa kutoa. Shangazi harusini hana kazi hiyo.

Masahaba walipocheka wembamba wa miundi ya Abdullah bin Mas'ud, Mtume (s.a.w.) aliwajulisha kwamba miguu hiyo ni mizito mizanini kuliko mlima Uhud. Na Bibi Sauda, aliyekuwa mzito wa mwili, alipoomba kuondoka Muzdalifa mapema kabla ya msongamano wa watu, alipewa ruhusa. Hakuambiwa apungue kwanza.

Nimeyajua mapokezi hayo tangu chuoni, na hayakunizuia. Katika maoni ya wifi mwenyewe nilisoma kwamba neno lililomchoma zaidi hakuambiwa Kendu Bay. Aliambiwa Mombasa, siku ya Idi, mbele ya wageni: mbona umekwisha hivi? Aliyelisema ni mimi. Wakati ule alikuwa na maradhi ya tezi ya shingo, hajamwambia mtu, nami nikadhani namwonyesha mapenzi. Usiku huohuo nilimpigia simu kumtaka radhi. Ndipo aliponieleza kwa nini aliondoka kwetu siku mbili kabla ya safari yake. Mimi nilidhani ni mambo ya basi.

Washiriki wameomba duru ya pili ifanywe asubuhi, watoto wakiwa shuleni, na waalikwe pia mama wakwe na mawifi. Wifi ameshaniandikisha.