Dereva wa Lori na Majira ya Baridi

Wapo watu ambao kwao hali ya hewa ni jambo la mazungumzo tu, na wapo ambao hiyo ndiyo huwapimia posho ya watoto. Miongoni mwa hao wa pili ni madereva wa malori ya safari ndefu huko Marekani. Wengi wao hawalipwi kwa mwezi wala kwa siku, bali kwa kila maili waliyosafiri. Lori likisimama, mshahara nao umesimama.

Shida hiyo huonekana wazi katika barabara kuu ya Interstate 80, inapokatiza jimbo la Wyoming kwa kilomita zipatazo 650. Karibu na mji wa Laramie barabara hiyo hupanda hadi mita 2,633 juu ya usawa wa bahari. Kipande chake kipitacho kando ya Elk Mountain kilifunguliwa Oktoba 1970. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuonya kwamba upepo wa huko hauna huruma, na kwamba ni afadhali kuifuata njia ya zamani ya Medicine Bow. Hawakusikilizwa. Siku chache tu baadaye dhoruba ikaifunga barabara mpya. Kuanzia mwaka 1971 zikajengwa nyua ndefu, kazi ya mtaalamu Ronald Tabler, ambazo huupunguzia upepo kasi ili uiangushe theluji kabla ya kufika njiani. Nyua hizo zimesaidia sana, lakini dhoruba kali zingali zikiifunga barabara hiyo kila mwaka.

Matope ya masika dereva huyaona kwa macho. Barafu nyembamba ya kule hufanana na lami iliyolowa maji, na anayeikanyagia breki kwa ghafla huliona tela likimpita ubavuni. Ajabu nyingine ni kwamba lori tupu lina hatari kuliko lenye shehena, kwa kuwa upepo huliangusha kwa urahisi. Ndiyo sababu zipo siku ambazo malori mepesi huzuiwa na mengine kuruhusiwa.

Baridi huingia hata ndani ya mitambo. Dizeli ina nta. Ikipoa mno nta hiyo huganda, ikaziba chujio, na injini ikazimika. Unyevu uliomo katika mabomba ya breki za upepo nao huganda. Tena iko minyororo ya magurudumu. Katika jimbo jirani la Colorado, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, lori la biashara lipitalo Interstate 70 kati ya Morrison na Dotsero sharti liwe nayo. Kuifunga ni kupiga magoti kwenye theluji, vidole vikifa ganzi, huku magari yakipita karibu na mgongo. Kazi hiyo nayo haihesabiwi kwa maili.

Sheria ya Marekani humtaka dereva apunguze mwendo katika hali mbaya, na hatari ikizidi, asimame hadi njia iwe salama. Ni sheria njema, ila haimlipi aliyesimama. Mke anayemwuliza mumewe kwa simu atafika lini humwongezea haraka ambayo barabara haiwezi kuibeba. Yule aliyemfungia blanketi nzito, maji na chakula cha siku mbili humrahisishia kungoja.

Na kungoja kwenyewe kuna hesabu yake. Dereva huruhusiwa kuendesha saa 11 tu, ndani ya muda wa saa 14 tangu aanze kazi, na kwa kawaida saa hizo 14 huendelea kukimbia hata akiwa amesimama mbele ya kizuizi cha polisi. Tangu mwaka 2020 anaweza kuongezewa hadi saa 2 kwa ajili ya hali mbaya ya njia, mradi hakuwa na habari nayo kabla ya kuondoka. Dhoruba iliyotangazwa tangu jana haimfai kitu. Kizuizi kikiinuliwa usiku naye saa zake zimekwisha, wenzake huondoka, yeye hurudi kulala.