Tusimpe mjane sadaka mahali pa haki yake



Mzee aliyefanya kazi miaka mingi migodini au kwenye reli akifa, Wakristu wa mtaa wake wanajua la kufanya. Wanakuja kulala kwenye kilio, wanaimba, wanachanga pesa za jeneza na za chakula, wanaomba Misa, wanamsindikiza marehemu hata kaburini. Ni vizuri. Kuzika wafu ni tendo la huruma, wala hakuna wa kutulaumu kwa hilo.

Lakini siku kilio kinapovunjwa, kila mtu anashika njia ya kwake. Miezi inapita. Mjane anakuja mlangoni pa parokia kuomba unga. Tunampa kilo mbili, na jioni tunajiona kuwa watu wa mapendo.

Hapo ndipo ninapotaka tubishane. Marehemu alikatwa mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya uzee wake na kwa ajili ya wale atakaowaacha. Mjane yule hakuwa mwombaji: alikuwa mtu wa kudai. Akiomba unga kwa sababu hakuna aliyemsaidia kudai, basi unga wetu haujalipa deni tulilo nalo kwake. Umelifunika tu.

Tuangalie sheria inasema nini. Katika nchi yetu pensioni ya wafanyakazi iliwekwa na dekreto ya 1956. Tarehe 29 Juni 1961 serikali iliunganisha mifuko ya wakati ule katika shirika moja, ndilo INSS. Sheria mpya ilitolewa tarehe 15 Julai 2016, na tangu 2018 shirika hilo linaitwa Mfuko wa Taifa wa Usalama wa Jamii, CNSS. Majina yamebadilika, lakini jambo moja halikubadilika: mwenye pensioni akifa, mke au mume aliyebaki, pamoja na watoto waliomtegemea, wanaweza kuwa na haki ya pensioni ya wafiwa. Hawapewi kwa huruma ya karani. Wanapewa kwa jasho la marehemu.

Basi, kwa nini wengi hawaipati? Watu husema, «Ni serikali.» Ni kweli kwamba ofisi zinachelewa, na kwamba wako mabwana wa kazi waliokata pesa za mfanyakazi bila kuzipeleka mahali pake. Hao watajibu mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Lakini tusijifiche nyuma yao. Wako wenye kosa watatu walio karibu zaidi, nao wote wanakuja Misa ya Dominika.

Wa kwanza ni ukoo. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, ndugu za marehemu wanauliza: kitabu cha pensioni kiko wapi? Karatasi ziko wapi? Wanazichukua «kuzitunza», na mjane hazioni tena. Wanasema, «Ni mali ya ndugu yetu.» Sivyo. Pensioni ya wafiwa si kama baiskeli au viti vya marehemu, ambavyo ukoo hukaa na kuvigawa. Sheria inaitoa moja kwa moja kwa mjane na kwa yatima. Baraza la ukoo halina neno juu yake. Na hata katika urithi wenyewe, Kitabu cha Sheria za Jamaa kinawaweka watoto kuwa warithi wa daraja la kwanza, mbele ya baba mdogo na shangazi. Bwana wetu Yezu aliwakemea vikali watu wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala. Anayeficha kitabu cha pensioni cha marehemu kisha akaja kupokea Ekaristi, ajue kwamba neno lile lilisemwa kwa ajili yake.

Wa pili ni marehemu mwenyewe, na hapa ninasema na waume walio hai. Wengi wanadhani kwamba cheti cha ndoa ya Kanisa kinatosha. Ndoa ya Kanisa ni sakramenti, wala hakuna mkono wa mtu unaoweza kuifungua. Lakini mbele ya ofisi, cheti cha paroko peke yake si ushahidi wa ndoa. Sheria ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya karani wa serikali, au ndoa ya desturi iliyoandikwa katika daftari lake. Mume anayeishi na mkewe miaka thelathini bila kwenda kuandikwa komini, amemjengea nyumba isiyo na mlango. Siku ya kufa kwake mke anaulizwa, «Wewe ni nani?» naye hana karatasi ya kujibu.

Zamani, katika kambi za Union Minière, kampuni ndiyo iliyoandika mke na watoto wa kila mfanyakazi, maana posho ilitolewa kwa hesabu ya nyumba. Wazee walizoea hivyo. Mazoea hayo yamekuwa mtego. Kampuni ile iliondoka Kongo mwaka 1967, na leo hakuna bwana wa kambi wa kutunza karatasi zetu. Nyumba isiyojitunzia karatasi zake itabaki mikono mitupu.

Wa tatu ni sisi, parokia. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965, katika hati yake juu ya utume wa walei, kwamba kwanza tutimize madai ya haki, tusije tukatoa kama zawadi ya mapendo kitu ambacho mtu anadai kwa haki. Tulisikia? Mwaka huohuo wa 1961 serikali ilipounganisha mifuko ya pensioni, maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai za Wakristu, ambamo watu wanajuana na kubebana. Kujuana kwa namna gani, kama jumuiya inajua nyimbo za kilio na haijui kama mjane amepata hati ya kifo? Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hatuusikii uzito kwa sababu haupo kichwani petu.

Wako watakaonijibu: «Pensioni ni pesa kidogo. Inaishia katika nauli.» Ninajua kwamba pesa za nchi zilipoanguka katika miaka ya 1990, pensioni za wazee wengi ziligeuka karatasi tupu. Lakini kidogo kinachokuja kwa haki kinamfanya mama asimame wima mbele ya mwenye nyumba na mbele ya mwalimu. Tena, kama ni kidogo kweli, kwa nini ukoo unakipigania? Na kama nauli ni nzito kwa mtu mmoja, je, ni nzito kwa jumuiya nzima iliyoweza kununua jeneza?

Wengine watasema, «Kazi ya Kanisa ni roho, si ofisi.» Wasome barua ya mtakatifu Yakobo: dini safi mbele ya Mungu ni kuwatazama yatima na wajane katika taabu yao. Hakuandika kwamba tuwatazame siku ya mazishi tu.

Basi, tufanye nini? Kila jumuiya imchague mama au baba mmoja mwenye kusoma vizuri na mwenye mikono safi. Kilio kikivunjwa, aende na mjane mapema kutafuta hati ya kifo. Wakusanye hati ya ndoa, hati za kuzaliwa kwa watoto, shuhuda za shule kwa wale wanaosoma, namba ya marehemu katika Mfuko na kitabu chake cha pensioni. Kila karatasi inakiliwe, na ile ya asili ibaki kwa mjane mwenyewe. Kila karatasi iliyopokelewa ofisini idaiwe risiti yenye tarehe. Pale hati ya kuzaliwa inapokosekana, daftari la ubatizo linaweza kusaidia kuonyesha tarehe na majina ya wazazi mbele ya hakimu. Padri asikawie kulifungua. Wasingoje sana, maana haki isiyoombwa kwa wakati inaweza kupotea. Na mtu akija kusema, «Nipe nusu, nitakupitishia faili,» asimame pale mtu wa jumuiya na kumjibu kwamba huyu mama hayuko peke yake.

Nanyi waume, msingoje ugonjwa. Wiki hii nendeni komini na wake zenu. Mwonyesheni mke mahali karatasi zinapolazwa, na mwambieni namba yenu kwa kinywa.

Katika Injili yuko mjane aliyemsumbua kadhi mbaya mpaka akapewa haki yake. Yezu alimsifu. Lakini alikwenda peke yake, kila siku, na Injili haimtaji jirani hata mmoja aliyefuatana naye. Mjane wa mtaa wetu asiende peke yake.